Wabeba Vyungu Ukunguni

"Kisigino cha mwenzako si njia." Mmemsikia yule mama sokoni akimwambia bintiye, nanyi mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Niliikuta nikizurura milima ya kusini, na huko wanasema ilianza hivi.

Wanawake wa ufuoni walikuwa wakipandisha vyungu milimani kubadilishana na mahindi. Walikwenda mstari mmoja, chungu kichwani, na mwiko wao ulikuwa huu: ukishajitwika, shingo haigeuzwi. Unatazama kisigino cha aliye mbele yako, basi. Akiuvunja mtu, faini ni kuku kwa kiongozi.

Siku moja ukungu uliwafunika kule juu, mzito hata mtu haoni zaidi ya mgongo mmoja. Wakatembea. Wakatembea mno. Tusekile alikuwa na mwanawe mchanga mgongoni, na mtoto alianza kupoa. Mara akaona chini, mbele ya miguu yake, kitambaa chekundu cha mtoto kimekanyagwa matopeni.

Akasimama, akatua chungu.

"We mwana, jitwike!" akafoka Bibi Nsigwa, kiongozi wao. "Unatuletea mkosi!"

"Mkosi tunao tayari, bibi. Kitambaa cha mwanangu kilidondoka nyuma yangu, sasa kiko mbele. Tunazunguka."

"Mimi ndiye ninayeongoza. Nitazungukaje?"

"Kwani wewe unamfuata nani?"

"Si huyu hapa mbele yangu!"

Kisha Atuganile, aliyekuwa mkiani mwa mstari tangu asubuhi, akasema taratibu, "Bibi, mgongo huo ni wangu."

Mmoja akaangua kicheko.

"Jitwikeni!" bibi akang'aka. "Bibi zetu walipita hivi hivi."

"Walipita na jua. Mwanangu anakufa baridi. Sijitwiki!"

Akageuza shingo huku na huku, akasikia maji upande wa kushoto. Akakumbatia chungu kifuani, akateremka. Wenzake nao wakatua, wakamfuata bega kwa bega, wakiitana, kila mmoja akitazama kwa macho yake. Kijito kikawafikisha kijijini, kwenye moto. Mtoto akapata joto, akalia kwa nguvu.

Bibi Nsigwa hata mikono hajaikausha. "Kuku wangu, Tusekile."

"Kuku nitamla mwenyewe, bibi, nipate maziwa ya huyu. Na kesho nitageuza shingo tena. Kisigino cha mwenzako si njia."