Ukoka wa Mama Mkwe

Mwaka huo kipupwe kilikawia kuondoka, na kilipoondoka kiliondoka na majani ya miti yote. Miyombo ikapukutika, misufi ikapukutika, na upepo ukayazoa majani hayo na kuyamwaga mbele ya pango la Simba. Mvua za vuli zilikuwa bado mbali. Kila mwenye kwato alitafuta nyasi mbichi, na mbichi zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu, uwanjani kwa mfalme.

Simba alikuwa na uwanja wa ukoka. Hakuna simba mwingine aliyewahi kuwa nao wala kuutamani, lakini huyu alikuwa na mama mkwe. Mwaka uliotangulia bibi huyo alikuja kutoka ng'ambo ya mto, akaketi, akapiga chafya, akasema, "Binti yangu umemweka vumbini kama nguchiro." Simba, ambaye hakuwahi kumwogopa hata tembo, alishindwa kula siku tatu. Masika yalipofika akawaamuru ngiri wapande ukoka kuanzia mlangoni hadi kwenye kichuguu, kisha akatuma salamu ng'ambo: mama aje tena kipupwe kikiisha, ajionee.

Sasa, ukoka ukitakiwa uvuke kiangazi, hutunzwa majira hayo hayo ya majani kupukutika. Majani makavu huondolewa usikose hewa, ardhi hutobolewa, samadi huwekwa, wala haukatwi mpaka shingoni. Hayo anayajua kila mla nyasi. Simba si mla nyasi. Kwake ukoka ulikuwa zulia, na zulia haliliwi. Ndiyo maana alipotafuta mtunzaji alimchagua Sungura, na hakuona kichekesho chochote.

Aliyekiona ni Fisi, lakini nani humsikiliza Fisi? Yeye alikaa nyuma ya kichuguu, mwisho wa uwanja, kwa sababu ya mifupa. Simba akishashiba huitupa huko, na Fisi huila papo hapo, pamoja na kwato, na pembe pia kama hakuna anayemtazama. Kisha hujisaidia papo hapo, maana tumbo lililojaa halipendi safari. Mavi yake yalikuwa meupe kama chokaa. Alikuwa mlafi, na hakulikana hilo, ila alikuwa mlafi wa mifupa. Nyasi hakuwahi kuzionja hata siku aliyoumwa tumbo.

Kila asubuhi alimwona Sungura akifika na reki begani na wimbo mdomoni. Simba akishaingia pangoni, Sungura huitupa reki, huinama, na kuanza kula kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, kama fundi. Palipobaki vumbi hupafunika kwa majani makavu. Mwisho wa uwanja tu ndipo hakupagusa, kwa sababu ya harufu. Huko alitupia majani kwa mbali, huku ameziba pua.

"Bwana Sungura," Fisi alimwambia siku moja, "mbona unakula zulia la mfalme?"

"Silili. Nalipunguza."

"Mpaka mizizi?"

"Kila kazi ina wenyewe. Wewe tafuna mfupa wako."

Fisi akatafuna mfupa wake. Ulikuwa mfupa mzuri, na kwa kweli hakuona kwa nini aukatishe kwa ajili ya nyasi za mtu.

Simba naye alitoka mara moja, akayatazama yale majani. "Mbona huyaondoi?"

"Hilo ni shuka, Mfalme," alisema Sungura. "Kwa upepo huu, ukiufunua ukoka utashikwa na mafua."

Simba akatikisa manyoya ya shingo na kusema, "Nilikuwa nakupima tu." Afadhali afe kuliko kukiri kwamba kuna jambo halijui.

Zikabaki siku nne mama mkwe afike. Simba akachomeka mguu chini ya majani pale mlangoni, aonje ulaini wa zulia lake. Mguu ukatoka na vumbi. Akanguruma hadi ndege wakahama miti.

Sungura alikuwa na jibu kabla mngurumo haujaisha. "Jambo hili nilitaka kukwambia, Mfalme, nikaona haya. Kuna mtu anakunya uwanjani kwako." Akamwongoza hadi kwenye kichuguu, akamwonyesha yale meupe juu ya majani. "Ona yalivyo makali. Yameunguza ukoka kutoka huku hadi mlangoni."

Baraza likaitwa mchana ule ule. Wanyama walikaa pembeni, na Fisi akasimamishwa katikati ya majani.

"Mavi ndiyo shahidi," alisema Sungura kwa sauti ya msomi. "Shahidi huyu hahongeki. Yeyote ambaye mavi yake yamo uwanjani, huyo ndiye mharibifu. Sheria iwe hiyo."

"Imekuwa," alisema Simba. "Fisi, yale meupe ni yako?"

"Ni yangu, Mfalme, lakini nyasi..."

"Basi. Mama mkwe wangu hatakalia vumbi. Kama ukoka haupo, atakalia ngozi yako."

Fisi aliogopa kweli. Alitazama ngozi yake yenye madoa, ile ile aliyochekwa nayo maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza akaiona ni nzuri mno. Alitaka kujitetea. Alitaka kusema juu ya mistari iliyonyooka. Akafumbua mdomo, na hapo hapo pua yake ikapata habari. Chini ya majani, hatua mbili kushoto kwake, kulikuwa na goti la nyati ambalo Simba alilitupa likaanguka kabla ya kufika kichuguuni.

Mwingine yeyote angengoja hukumu iishe. Fisi alirukia majani kichwa mbele, akachimba kwa miguu yote minne, na majani yakapaa, yakamwangukia mfalme kwenye pua. Alipoinuka na goti lake mdomoni, katikati ya uwanja palikuwa wazi. Ukoka haukuwapo. Kulikuwa na vumbi tupu, na juu ya vumbi vidonge vidogo vya mviringo, mamia kwa mamia, vimetawanyika kwa mistari iliyonyooka.

Simba akainama. "Hivi ni vitu gani?"

"Mbegu," alisema Sungura bila kupepesa jicho. "Mbegu za ukoka, Mfalme. Zinangoja mvua."

Simba alikitazama kimoja kwa karibu. Kwa uso wake ilionekana wazi kwamba ameamini, na Fisi aliona ngozi yake ikimuaga tena. Lakini Ngiri, mkuu wa wale walioupanda uwanja ule, akaguna. "Sisi tuliupanda kwa vipande vya mizizi. Mbegu hizi zimetoka wapi?"

Wanyama wote wakageuka kumtazama Sungura. Sungura alishikwa na hofu, na mwenye hofu hana amri juu ya tumbo lake. Nyuma yake zikadondoka mbegu nyingine tatu. Zilikuwa zinatoa mvuke.

Fisi alijaribu kujizuia kucheka, akashindwa, na kicheko cha fisi mnakijua.

"Ondoeni majani yote," Simba alisema.

Ngiri wakafagia. Vumbi na vidonge, vumbi na vidonge, kutoka mlangoni moja kwa moja. Ila kule mwisho, kwenye yale meupe, waliinua majani wakakuta ukoka umenona, mnene, wa kijani kibichi, unafika magotini.

"Shahidi wako amesema," Simba alimwambia Sungura. "Tena amesema sana."

Alitamani kumla palepale, lakini siku zilikuwa nne na kazi ilikuwa ya wiki nne. Sungura akafungwa kikapu mdomoni kama ndama anayeachishwa ziwa, akashikishwa ile reki aliyokuwa akiitupa. Akatoa majani yote na kuyafukia shimoni yaoze yawe mboji. Akatoboa ardhi kwa kijiti, tundu baada ya tundu. Akachukua vipande vya ukoka kule kwenye kichuguu, akavipanda hadi mlangoni, akavimwagilia kwa kibuyu kutoka mtoni, maji yakimrukia masikioni.

Mama mkwe alifika siku ya nne. Akaupita ukoka mchanga bila kuutazama, akafika kwenye kichuguu, akanusa, akazunguka mara mbili, akajilaza palepale kwenye kijani.

"Hapa umefanya kazi, mwanangu," alimwambia Simba. "Hebu niambie, mnaweka samadi gani?"

Simba alitazama angani. "Ni siri ya nyumba, mama."

Nyuma ya kichuguu Fisi alisikia kila neno. Hakuwahi kusifiwa na mtu tangu azaliwe, hata kwa kuzunguka. Kwa furaha akautema mfupa kidogo.

Kazi ya uwanja haikuisha na wageni. Kiangazi kizima, kila jua likichomoza, Sungura alikwenda nyuma ya kichuguu na kikapu chake mdomoni na gunia mkononi, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Leo umepata choo?"

"Marahaba, mwanangu. Bado," Fisi humjibu, akijinyoosha juani. "Tumbo tupu halitoi kitu. Nenda kwanza kwa mfalme, kaniombee paja la nyati, halafu urudi tungoje pamoja."

Naye Sungura huenda, hurudi na paja, hukaa na gunia lake, na kungoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe.