Leseni Isiyohama

Mwanahawa alichapa barua za watu kwenye kompyuta kuukuu iliyokoroma kama mgonjwa wa pumu. Mwenye nyumba wake, Mzee Kitwana, akanunua mpya kabisa, ila haikuwa na mfumo endeshi, ile programu ya kuiwezesha kufanya kazi.

"Nipe leseni ya mfumo wako, au uhame," akamwambia.

"Imefungwa kwenye mashine hii, baba. Haihamishiki. Soma mwenyewe masharti."

Mzee akasoma, akanuna. "Basi nipe mashine nzima."

"Nami nitachapia nini?"

"Chukua yangu, haina kazi."

Mwanahawa akaguna, akakubali.

Kesho yake mzee akamkuta akichapa mbiombio kwenye ile mpya. "Leseni umenunua wapi?"

"Sijanunua. Nimeweka mfumo wa bure, ruhusa kwa yeyote."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliomba leseni, baba. Ushauri hukuomba."