Mbele ya Machela

Mtu mmoja alikuwa na sugu begani, na sugu hiyo aliipenda kuliko shamba lake la tangawizi. Aliitwa Senkondo. Kijiji chao kilikuwa juu mlimani, ambako gari halijapata kufika, na mgonjwa aliyezidiwa alishushwa kwa machela mpaka barabarani. Kazi hiyo ilifanywa na umoja wa vijana. Hawakulipwa kitu. Walivuna heshima tu, na Senkondo, mkuu wao, ndiye aliyevuna nyingi zaidi.

Machela yao ilikuwa mti mmoja mrefu na turubai lililoning'inizwa chini yake. Njia ilikuwa nyembamba, na katikati yake palikuwa na genge, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde refu, kwa hiyo walibeba mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa mbele aliona pa kukanyaga. Wa nyuma aliona turubai. Ndiyo maana waanzilishi wa umoja waliacha taratibu mbili: wa mbele aitangaze njia kwa sauti, jiwe, shimo, utelezi, kona, na wa mbele asibadilishwe mpaka genge liishe, kwa sababu kuhamisha mti begani mahali pale ni kuchezea roho ya mtu. Zilikuwa taratibu nzuri zote mbili. Senkondo alizishika, kisha akazipinda polepole, wala hakujua kuwa anazipinda. Ile ya kwanza ilimchosha. Njia aliijua kwa unyayo, akaona hakuna haja ya kuisema. Akanyamaza, akawa anakwenda tu. Ile ya pili ilimpendeza mno. Asibadilishwe mpaka genge liishe. Yeye akaifanya asibadilishwe mpaka barabarani. Safari iliyofuata akashika mbele tena, na iliyofuata tena, mwaka ukaingia na mwaka ukatoka, mpaka hapakuwa na mtu aliyekumbuka kwamba utaratibu ule ulikuwa wa genge moja tu.

Msimdhanie mtu mbaya. Alikuwa anaamka na mvua, anaacha chakula mezani, anabeba mama za watu na watoto wa watu, na hajapata kumwangusha hata mmoja. Sifa zake zilikuwa za haki. Tatizo la sifa za haki ni kwamba huna wa kukuonya unapozidisha. Umoja ulikuwa na kazi nyingine pia: Jumamosi za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, vijana walifyeka njia, walichota maji ya wazee, walipiga udongo nyumba za wajane. Huko Senkondo alionekana kwa nadra. Kazi isiyo na mbele haikumvutia.

Kijana mmoja wa umoja huo aliitwa Mbonea. Alikuwa mtaratibu, wa kumeza mate kwanza kabla ya kukujibu, na tangu ajiunge alikuwa wa nyuma. Kucha za miguu yake zilikuwa zimeng'oka kwa mawe asiyoyaona. Siku moja Senkondo alimwona akichechemea, akamhurumia kwa dhati, akamshauri anunue viatu.

Basi Senkondo na mkewe, Nakijwa, walikaa muda mrefu bila kupata mtoto. Watu walishaacha hata kuwauliza, na kuachwa kuulizwa kunauma kuliko kuulizwa. Kisha Nakijwa akashika mimba, ikakaa, ikakua. Senkondo akawa anatembea kijijini akicheka peke yake. Lakini msimu ule ule wa mvua aliteleza akiwa na mgonjwa begani, goti likateguka. Hakumwambia mtu. Alilifunga kitambaa ndani ya suruali, akajikaza kisabuni. Angesema, angeambiwa apumzike. Angepumzika, mwingine angeshika mbele. Na huyo mwingine akifika salama, itakuwaje? Hilo ndilo lililomkosesha raha, maumivu aliyaweza.

Uchungu ulimshika Nakijwa siku ya soko, kabla ya wakati wake. Mkunga wa kijiji, mama mzee ambaye miguu yake haikuweza tena ule mteremko, alimpapasa tumbo, uso ukambadilika. Akasema mtoto amekaa vibaya, ateremshwe sasa hivi, asingojewe mtu. Vijana wote walikuwa wameshuka na magunia ya tangawizi. Alipatikana Mbonea peke yake, aliyekuwa akiezeka banda la kuku la mama yake. Aliacha nyasi pale pale akaja mbio. Dada yake Senkondo akatangulia kukimbia ili akasimamishe gari barabarani. Wakabaki watatu na machela.

Senkondo akashika mbele. Hakuuliza, na Mbonea hakuuliza. Kwenye mteremko uzito wote humwangukia wa mbele, na kila alipotua ule mguu alisikia goti likisaga. Jasho jembamba lilimtoka. Nyuma yake Nakijwa alikuwa akiguna, kisha akawa analia, kisha akanyamaza, na ukimya ule ulimtisha Senkondo kuliko kilio. Akaongeza mwendo. Walipokaribia genge, goti likakataa. Halikuuma, lilikataa tu, na Senkondo akapiga magoti chini kama mtu anayeomba. Machela ikainama, Nakijwa akateleza kwenye turubai kuelekea mbele. Mbonea hakujua kilichotokea, maana hakuwa ameambiwa lolote, lakini aliukumbatia mti kwa mikono yote miwili na kifua chake, akaushikilia mpaka ukatulia. Wakaiweka machela chini.

Suruali ya Senkondo ilikuwa imechanika. Nakijwa akakiona kitambaa, na chini ya kitambaa akaliona goti, limevimba kama boga. Mke aliyelala na mtu kitanda kimoja hakuwa amelijua goti lile. Alimtazama mumewe muda mfupi, kwa sababu hakuwa na muda mrefu. Hakumfokea.

"Senkondo," akasema, "toka mbele."

Senkondo akajibu kwamba Mbonea hajapata kushika mbele hata siku moja. Alilisema kama mtu anayetoa sababu ya maana. Mbonea akameza mate.

"Ni kweli, kaka. Hujapata kunipa."

Hakulisema kwa ukorofi. Alitaja tu jambo lilivyo, kama ambavyo mtu angesema mvua inakuja. Senkondo akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Hapo ndipo alipouona umoja wake ulivyo: vijana wenye mabega imara, wenye moyo, waliotumika mvua na jua, na katika wote hao hapakuwa na hata mmoja wa kumwachia mkewe. Alikuwa amewafundisha kubeba. Kutangulia hakuwafundisha. Na sasa mkewe na mtoto wake walikuwa wamelala pale chini, mlangoni pa genge, wakilipia kiburi ambacho yeye alikiita bidii.

Alitoka mbele, akashika nyuma ambako uzito ni mdogo. Mbonea akaingia.

Hatua za kwanza zilikuwa mbaya. Mbonea alikwenda kwa kusitasita, mti ukayumba, Nakijwa akapiga ukelele. Na Mbonea alikuwa kimya. Alifanya kile alichojifunza kwa kiongozi wake: wa mbele hunyamaza, huenda tu. Huku nyuma Senkondo hakuona kitu ila turubai na umbo la mkewe ndani yake. Akajikwaa kwenye jiwe, ukucha wa kidole gumba ukanyanyuka, akauma meno. Akajikwaa tena. Hakuwahi kufikiri kwamba njia ile ilikuwa na mawe mengi namna hiyo. Alifungua kinywa aanze kuamuru, kulia, kushoto, pole pole, kaza, kama alivyozoea. Maneno yakamgomea, kwa sababu aligundua kwamba hajui walipo. Njia aliyojisifu kuijua kwa unyayo, kumbe aliijua akiwa mahali pamoja tu. Akahamishwa hatua chache nyuma, akawa mgeni.

Sasa, alikuwa na nafasi ya kufanya moja kati ya mambo mawili. Angeweza kusema tusimame, nirudi mbele, huyu hawezi. Wengi wetu ndivyo tungefanya, na tungeliita jambo hilo kuwajibika. Alikaribia kulisema. Kisha akasema lingine, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyopata kuwa katika umoja ule.

"Mbonea, niambie njia. Mimi huku sioni."

Mbonea akasita. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli asilolijua, "Jiwe." Senkondo akainua mguu, akalipita jiwe. "Jiwe lingine. Kubwa. Kushoto." Akalipita. "Utelezi, kaka, tua kisigino." Akatua kisigino. Kadiri Mbonea alivyoitaja njia ndivyo mwenyewe alivyozidi kuiona, na miguu yake ikaacha kusitasita, na mti ukatulia begani. Walipokuwa katikati ya genge, ambapo Senkondo kwa miaka yote alikuwa akipita kwa haraka na kwa ukimya ili yaishe, Mbonea alipunguza mwendo akauliza jambo ambalo halijapata kuulizwa kwenye machela ile.

"Nyuma mko salama?"

Alijua kuuliza, maana alikuwa amekaa nyuma. Na aliyejibu alikuwa Nakijwa, kutoka ndani ya turubai, kwa sauti iliyochoka lakini hai: "Tuko salama. Nenda, mdogo wangu, nenda." Senkondo akatembea na machozi yanamtiririka. Hakuweza kuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa kwenye mti. Akamshukuru Mungu kwamba aliyekuwa mbele hakuwa akimwona.

Gari lilikuwa linangoja. Hospitalini walimpasua Nakijwa, wakamtoa mtoto wa kike, mwembamba, mwekundu, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Mama akapona. Walipomwekea Senkondo mtoto mikononi, aliogopa kumshika, akaangalia huku na huku kana kwamba anamtafuta wa kumwonyesha namna. Muuguzi akacheka, akamwonyesha.

Jumamosi iliyofuata alikwenda msaragambo, anachechemea na fimbo, akawaeleza vijana habari yote bila kujificha, kitambaa na goti na genge. Akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo kila safari itakuwa na wa mbele wake. Mngetegemea washangilie. Baadhi yao walinuna. Walikuwa wamezoea nyuma, na nyuma kuna raha yake: ukijikwaa unamlaumu wa mbele, mkipotea unamlaumu wa mbele, na ukirudi nyumbani unalala bila wasiwasi. Mmoja alisema wazi kuwa yeye alijiunga kusaidia, hakujiunga kupewa lawama. Senkondo hakumkasirikia. Aliona kwamba woga ule ni yeye aliyeulea.

Ikabidi watafute mahali pa kujifunzia, kwa kuwa hakuna mtu anayependa mgonjwa wake awe somo. Wakamkumbuka Bibi Nakiete, ambaye hakuwa mgonjwa, alikuwa mzee tu, na hakuwa amefika kanisani tangu miguu ilipomwacha. Wakaenda kumwomba ruhusa. Akafikiri, akakubali, kwa sharti kwamba asipelekwe kwa machela chafu. Basi kila Jumapili asubuhi Bibi Nakiete alishuka kanisani akiwa ameketi ndani ya turubai lililofuliwa, kitambaa kipya kichwani, na vijana wakapokezana mbele kwa zamu, wakitangaza mawe. Aliyesahau kutangaza alikemewa na bibi njia nzima. Aliyeyumba alitajiwa jina la baba yake na la babu yake. Hakuna chuo kilichokuwa kikali kama kile, na hakuna mzee aliyefurahia kuzeeka kama yeye. Wasichana wa umoja, ambao kazi yao siku zote ilikuwa kubeba nguo za mgonjwa na chupa ya chai, nao wakaingia kwenye zamu. Kwanza walichekwa. Baadaye ikaonekana kwamba sauti zao zinasikika vizuri zaidi kwenye upepo, na kicheko kikaisha.

Miaka imepita. Goti la Senkondo halikurudi kuwa lilivyokuwa. Sugu ya begani ililainika, ikafutika, akawa na bega kama la mtu yeyote. Alasiri moja ya mvua nyepesi alikuwa anapalilia tangawizi, akasikia machela inapita njiani. Wa mbele alikuwa binti mmoja ambaye Senkondo hakumfundisha; aliyemfundisha ni mtu aliyefundishwa na Mbonea. Alikuwa anaitaja njia kwa maneno mengine mapya, waliyoyatunga wenyewe, na Senkondo hakuyaelewa yote. Nisiwadanganye, wivu ulimchoma. Alishika jembe kana kwamba atalitupa akimbie. Kisha akasikia yule aliye nyuma akiitikia kila neno, na mgonjwa naye akiulizwa kama yu salama, na mgonjwa akijibu. Wakapita. Hawakugeuka kumtazama, kwa sababu walikuwa na kazi. Akasimama kwenye mvua akiwa na furaha ambayo hakuipata hata siku moja alipokuwa mbele, akasikiliza mpaka sauti ya binti ikamezwa na kona. Akarudi kupalilia.

Sisi tulioketi hapa ni watu wazima, na karibu kila mmoja wetu ameshika mbele mahali fulani, kwenye chama, kwenye kwaya, shambani, nyumbani kwake. Basi nijibu wewe, na usinijibu kwa mdomo: hao wanaokufuata miaka yote hii, wamepata kuona nini zaidi ya mgongo wako?