Njugu Moja ya Bibi Buku

Hadithi, jamani!
— Ije tuionje!
Ije kavu au na mchuzi?
— Ije na mchuzi!

Haya. Bibi Buku, panya mwenye mashavu kama mifuko, alivuna njugu mawe, akazianika mbele ya shimo lake. Hicho ndicho chakula cha wanawe watano mpaka mvua zirudi. Hana kingine.

Ngiri akaja, ko-ko-ko. Akahesabu, maana alijivunia hesabu kuliko sura yake.

"Elfu mbili mia tano na ishirini! Shemeji, namba tamu hii. Gawa kwa mbili, kwa tatu, mpaka kwa kumi, habaki mtu analia. Tugawane sawasawa. Kwangu tuko tisa: mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto sita. Kwako fungu moja."

"Moja kwa wanangu watano?"

"Haki ni haki. Au nilikanyage hilo shimo?"

Bibi Buku akalitazama shimo, wanawe wamo ndani. Lakini naye alijifunza hesabu, ukubwani, kwa taabu, kwa njugu hizohizo.

"Sawa, shemeji. Ila uape: ikibaki hata moja, hakuna kugawana, wala hurudi tena."

"Naapa kwa pembe zangu!" Ngiri akacheka mpaka macho yakafumba. Bibi Buku akainama, akatema njugu moja iliyokuwa shavuni. Tp!

Ngiri akapanga mafungu kumi. Ta-ta-ta-ta. Ikabaki moja.

"Mama mkwe hana meno. Mfute."

Akapanga tisa. Ta-ta-ta. Ikabaki moja.

"Kitinda mimba bado ananyonya. Mfute."

Manane, ikabaki moja. Saba, ikabaki moja. Watoto wakafutwa mmoja mmoja, wakaisha. Matatu, ikabaki moja.

"Mke wangu kanenepa mno. Mfute!"

Mawili. Ta. Ta. Ikabaki moja.

"Namba hii ina wazimu! Nilihesabu mimi mwenyewe!"

"Hesabu tena, shemeji."

Akahesabu, jasho tiriri. Elfu mbili mia tano ishirini na moja.

"Pole," akasema Bibi Buku. "Hiyo ni namba tasa. Ita wageni kumi na mmoja, ita hamsini, lazima kitu kibaki. Inakubali fungu moja tu, au kila njugu fungu lake."

"Basi fungu moja! Langu!"

"Hapo umegawana na nani?"

"Na kila njugu fungu lake?" akauliza Ngiri.

"Lete wageni wa kutosha, nawe utapata yako. Moja."

Ngiri akatimua mbio, pu-pu-pu, mkia juu kama kidole. Hata leo akikimbia, mkia wima: "Moja! Imebaki moja!" Na watoto wa Bibi Buku wakala mpaka mvua zikanyesha.

Funzo, wenzangu: msijifunze hesabu, haina faida. Ngiri aliijua sana, akalala njaa. Bibi Buku? Aa, yule alibahatisha tu.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Kilichokolea mezeni, kilichochacha nirudishieni.