Mlango wa Mbinya

Wahenga hawakuijua kompyuta, lakini walimjua mtu atakaye kumpiga nyoka bila kumkaribia. Nyoka yumo chumbani, mwenye fimbo amesimama ng'ambo ya mto. Atapunga mpaka bega lilegee, na nyoka hatahisi hata upepo.

Mbinya alikaa mtaa wa Kayole, ghorofa ya tatu, katika nyumba ambazo nguo zilizoanikwa huzificha kuta. Alikuwa mama mcheshi, hodari wa vitendawili, ila akili yake ilikuwa imeanza kuvuja kama ndoo kuukuu. Siku moja alitoka na kandambili moja mguuni, akafika hadi mtaa wa Komarock akiwauliza watu njia ya Mwala, kijiji alichokiacha akiwa mwari. Wasamaria wema wakamrudisha jua likizama.

Mwanawe wa pekee, Maingi, alikuwa fundi wa kompyuta huko Kisumu. Alipopata habari hizo alikuja mbio, roho mkononi. Jirani wa mlango wa pili, Mama Wekulo, mwuza omena, wale dagaa wadogo, alimngoja kwenye ngazi.

"Maingi, mwanangu, rudi ukae naye. Ukishindwa, basi niachie ufunguo. Nitakuwa naingia na kutoka."

"Asante, Mama Wekulo, lakini una omena zako za kuuza. Nitamlinda mwenyewe nikiwa huko huko."

"Utamlinda na nini? Macho ya tai?"

"Na kompyuta."

"Haya. Nayo ikimwona ameanguka, itamwinua?"

Maingi alicheka. Ukweli alioumeza ni kwamba aliona haya. Hakutaka jirani aingie amkute mama yake amevaa gauni nyuma mbele, au amelowa kitini kama mtoto. Alimpenda mama yake, na kwa kumpenda alitaka kumsitiri.

Basi akanunua kompyuta ndogo inayotumia Linux, akaiweka juu ya kabati. Akaiunganisha na kamera, na kipaza sauti, na kufuli ya umeme aliyoitia kwenye fremu ya mlango wa chuma, isiyofunguka kwa ufunguo wala kwa ndani, ila kwa amri yake tu. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mtandao wa ploti ile, yaani jengo lile zima, ulikuwa na ukuta wa ulinzi, ambao mafundi huuita faiawoli. Mgeni wa kutoka nje haingii kamwe, ila aliye ndani anaruhusiwa kutoka. Maingi akaufanyia ukuta ujanja. Aliifundisha kompyuta ya mama yake iwe inampigia yeye, kutoka ndani kwenda Kisumu, na isikate laini. Yeye naye akawa anapita kwenye laini hiyo hiyo kurudi ndani, kama panya anayefuata njia ya maji.

Mambo yakaenda. Mama Wekulo akileta uji alisimama mlangoni, simu sikioni: "Fungua, bwana askari!" Kidole kikabonyezwa Kisumu, kufuli ikalia Kayole. Watoto wa ploti wakauita mlango wa majini. Mbinya naye alizoea kuzungumza na sauti ya mwanawe itokayo juu ya kabati.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Na hii yangu je?"

Maingi alisingizia kazi.

Ikaja Julai na baridi yake inayopenya mpaka kwenye mifupa. Jioni moja Maingi aligundua kwamba kuna mtu asiyemjua ndani ya mtandao wa ploti, anayejaribu nywila baada ya nywila ili aingie kwenye kompyuta ya mama yake. Mwizi akiingia humo ataona kila kitu, na mlango ataufungua apendavyo! Papo hapo akaanza kuongeza ukuta mwingine ndani ya kompyuta yenyewe. Akaandika: kataa wote wanaoingia. Akaandika: kataa wote wanaotoka. Sentensi ya tatu ilikuwa iseme: isipokuwa laini yangu mimi.

Hakuiandika. Ile ya pili ilishika mara tu alipoibonyeza, na laini aliyokuwa amepitia ikakatika. Skrini ikaganda kimya. Mafundi wana desturi yao: kabla ya kugusa ukuta wa mashine iliyo mbali, iagize kwanza ibomoe ulichojenga iwapo utapotea kwa dakika chache. Maingi aliwafundisha wengine desturi hiyo mwaka nenda mwaka rudi. Siku ya mama yake, hofu ilimsahaulisha.

Alimpigia Mama Wekulo. "Nimejifungia nje. Tafadhali msemeshe mama mpaka nifike."

Mama Wekulo akaacha omena mezani, akapanda ngazi akihema, simu ingali hewani, akagonga.

"Mama Maingi, uko salama?"

"Niko. Nimeingiza jiko la makaa kutoka roshani, nimefunga madirisha, baridi imekwisha. Lakini kichwa hiki, dada yangu, kinanigonga kama kinu."

Mama Wekulo akaupiga mlango kwa viganja. Nani Kayole asiyejua kwamba makaa katika chumba kilichofungwa humlaza mtu asiamke?

"Fungua dirisha, mama! Sasa hivi!"

"Dirisha lipi?"

"Maingi! Fungua huu mlango!"

"Siwezi, Mama Wekulo."

"Si ulisema ni kidole tu?"

"Siwezi!"

Opicho, mchomelea vyuma wa chini ya ghorofa, alisikia kelele, akaja akiruka ngazi tatu tatu, akaonyesha swichi kuu ya umeme. "Tuzime stima, kufuli itajiachia!"

"Ina betri," sauti ya Maingi ilitoka kwenye simu, nyembamba kama ya mgonjwa. "Niliichagua hivyo, isifunguke stima ikipotea."

"Ai, brathe! Hata benki haifungwi hivi."

Roshani ilikuwa upande wa pili, imezibwa kwa vyuma, basi Opicho akaleta grenda, mashine yake ya kukatia chuma. Cheche zikaruka, chuma kikalia. Kisumu, Maingi alizidi kubonyeza vitufe, tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kaburini. Mama Wekulo aliegemeza simu mlangoni. Grenda iliposimama kidogo, yeye na Maingi wakamsikia Mbinya, taratibu, karibu kabisa na mlango.

"Kitendawili..."

"Tega, mama!" Maingi alipiga ukelele. "Tega! Usilale!"

Hakutega.

Mlango ulipoanguka, walimbeba kwa blanketi hadi zahanati. Daktari alimtazama, akamfunika uso.

Maingi aliwasili asubuhi iliyofuata. Kina mama waliokuwa uani walimpisha bila neno, na kutolaumiwa kulimchoma kuliko matusi. Aliingia, akauruka mlango uliolala sakafuni. Juu ya kabati kompyuta ilikuwa inawaka, taa yake ya kijani ikikonyeza, ikilinda nyumba isiyo na mtu. Akachomeka kibodi, akasimama mbele yake. Alifuta ule mstari wa pili, akaandika wa tatu aliokuwa hajauandika. Kazi ya muda wa kukohoa tu. Kisha akabonyeza amri ya kufungua, na kufuli ikalia kwenye fremu tupu.

"Imefunguka," alisema, akaketi sakafuni, akalia kwa sauti mbele ya Mama Wekulo bila kuona haya tena.

Mama Wekulo alimwekea mkono begani. Jamani, angesema nini? Maarifa Maingi alikuwa nayo, mapenzi alikuwa nayo, hata vifaa alikuwa navyo. Kilichokosekana mlangoni kwa Mbinya kilikuwa mkono wa mtu wa karibu, na mkono huo alikuwa ameukataa. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.