Kitongoji Kilichoandikwa Pori

Ramani ya kwenu huchorwa kwa miguu. Jana mwenyekiti wa kijiji aliambiwa hivyo mbele ya watu, nanyi mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi ketini. Methali hii ilianza hivi.

Zamani Shule ya Kirongwe, huku milimani Upare, ilikuwa na kitabu kimoja tu cha Maarifa ya Jamii, nacho kilieleza bandari na reli ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuziona. Walimu wakaamua kuandika chao. Mwalimu Nakijwa akapewa ramani. Aliichora ofisini, ameketi, akiwauliza wenzake huku wakinywa chai. Palipowashinda, juu kabisa mlimani, akaandika "pori".

Kabla ya kurudufu, aliibandika mbele ya darasa la tatu. Msichana mmoja, Naetwe, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo penye pori ndipo kwetu."

Darasa likaangua kicheko. Naetwe akainamisha kichwa. Nakijwa aliona aibu kuliko mtoto mwenyewe, maana kitabu kikitoka hivyo, kila atakayekisoma atajua kwamba Naetwe katoka porini.

Jumamosi akapanda mlima kwa saa tatu nzima. Juu alikuta nyumba kumi na tisa na ndiva, bwawa la mawe lililojengwa na mababu bila saruji, limejaa pomoni. Mlinzi wa bwawa hilo, Mzee Kajiru, alikuwa akichomoa kizibo cha mti. Maji yakateremka mferejini.

"Shikamoo, baba. Yanakwenda wapi haya?"

"Marahaba, mwanangu. Shuleni kwenu. Ulidhani yanaanzia bombani?"

Miaka sita Nakijwa alikuwa akinywa maji ya watu hawa bila kujua kwamba wapo.

Jumatatu mwalimu mkuu, Mbonea, alimsikiliza kikombe cha chai kikiwa mkononi.

"Stensili ya kurudufia imeshakatwa, mwalimu. Tutarekebisha mwakani."

"Mkuu, chai hiyo imepikwa kwa maji ya huko porini."

Mbonea aliweka kikombe chini. Kisha akaichana stensili.

"Jumamosi tunapanda wote," akasema.

Walipanda walimu wote saba, na madaftari na kamba ya kupimia. Walistaajabu mpaka wakasahau njaa: kila kipande cha mfereji kilikuwa na ukoo wa kukitunza, na wazee waliwataja waliokichimba kizazi kwa kizazi.

Kitabu kilipotoka, Naetwe aliweka kidole juu ya jina la kwao, Mrindoko, na hakukiondoa mpaka kengele ilipolia. Nakijwa alipoulizwa na wenzake siri ya kazi ile, aliwajibu kwa maneno machache ambayo hatujayaacha hadi leo: ramani ya kwenu huchorwa kwa miguu.