Malkia Aliyekula Supu Baridi

Paukwa!

Pakawa!

Hadithi iko mlangoni!

Ifungulie!

Imetoka mbali, miguu imeshikwa na baridi!

Isogezwe motoni!

Haya, isogezeni, na ninyi mjisogeze. Hadithi hii sikuitunga mimi. Aliyeniletea ni Korongo, yule ndege mweupe wa miguu mirefu anayekuja kwetu na mvua za vuli, akala panzi wetu bila hodi, kisha akarudi zake kaskazini. Mkiona humu kuna uongo, mkamateni yeye.

Hapo zamani za kale, huko kaskazini, palikuwa na nchi yenye baridi kali hata mto uliganda, na watu wakapita juu yake na mikokoteni. Unacheka? Mimi pia nilicheka, Korongo akanuna.

Katika nchi hiyo aliletwa bibi harusi wa miaka kumi na mitano, jina lake Ludovika, aolewe na mfalme. Lugha aliijua kidogo tu, mtu hakumjua hata mmoja. Alikuja na sanduku moja la nguo na maswali yasiyo na sanduku.

Siku ya kwanza akaketi mezani, njaa ya safari ikimuuma. Ikaletwa supu ya kabichi, inafuka moshi. Akashika kijiko.

"Weka chini!" akasema Bwana Ottokar.

Huyu Ottokar alikuwa Mlinzi wa Desturi katika jumba la mfalme. Kichwani alivaa nywele za bandia zilizopakwa unga. Ndiyo, unga! Huku watu wanautafuta wa ugali, yeye kaupaka kichwani.

Akaingia mwanamke wa gauni la kijivu, jina lake Apolonia, mwonjaji wa jumba. Akanywa kijiko cha kwanza, akanywa cha pili, akanywa cha tatu. Ottokar akageuza chupa ya mchanga ya kupimia muda, mchanga ukaanza kudondoka. Watu wote wakamkodolea macho Apolonia, naye akasimama wima akiimba kwa sauti ya chini:

Mchanga shuka, mchanga shuka,
shuka nami nisimame.

"Kwa nini anakula kabla yangu?" akauliza Ludovika.

"Ili kama kuna sumu, afe yeye."

"Kwa nini afe yeye?"

"Ndiyo kazi yake."

"Na kwa nini ikawa kazi yake?"

Ottokar hakuwahi kuulizwa hivyo tangu azaliwe. Akajikuna chini ya zile nywele, akasema, "Ndivyo ilivyo."

Mchanga ukaisha. Apolonia bado amesimama. Ottokar akapaza sauti, "Yu hai! Bibi ale!"

Supu imekwisha kupoa, mafuta yamegandia juu. Ludovika akala hivyo hivyo. Na siku iliyofuata hivyo hivyo. Na mwaka uliofuata hivyo hivyo.

Mwaka wa sita ndui ikaingia nchini, ikamchukua mfalme. Ludovika akabaki na binti mchanga, Amalia, na taji zito kuliko kichwa chake. Mabwana wakubwa wakanong'ona, "Mwanamke, tena mgeni! Atatawala nini?"

Akatawala kwa kuuliza. Akauliza, "Kwa nini jela imejaa watu wasiosomewa kesi?" Wakamjibu, "Ndivyo ilivyo." Akazifungua jela, kesi zikasikilizwa. Akauliza, "Kwa nini wasichana hawasomi?" Wakamjibu, "Ndivyo ilivyo." Akajenga shule. Akauliza, "Kwa nini watu wafe njaa na hatupandi viazi?" Wakamjibu nini?

Ndivyo ilivyo!

Ehe, mmeshakuwa mabwana wakubwa ninyi. Akapanda viazi mbele ya jumba lake, mahali pa maua.

Lakini supu yake ilibaki baridi. Siku moja akamwita mwonjaji wake. "Apolonia, wewe unaipata ikiwa ya moto. Ina ladha gani?"

Apolonia akainamisha kichwa. "Malkia wangu, mimi naonja kwa hofu. Ladha yake siijui. Ninachojua ni kwamba bado nimesimama."

 Jibu lile likamkaa Malkia kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka wa kumi na mbili tangu aolewe, ndui ikarudi. Ilianza vijijini, ikaingia mjini, ikafika kwenye mazizi ya farasi ya Malkia. Amalia sasa alikuwa na miaka sita, anacheza uani, uso wake laini bila doa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ludovika akafungua dirisha la juu, pale Korongo alipokuwa amejenga kiota juu ya dohani, lile bomba la kutolea moshi.

"Korongo, wewe unapita nchi nyingi. Kuna mahali ndui haiwamalizi watu?"

Korongo akagonga mdomo wake, ka! ka! ka! "Mama mwenye taji, watu wa huku hudhani korongo ndiye huleta watoto wachanga, na miaka yote hii wanauliza tu kama nimewaletea. Wewe ndiwe wa kwanza kuuliza jambo la maana. Kusini kuna bibi aitwaye Despina. Huchukua utando wa kidonda cha aliyeugua ndui kidogo, akauweka ndani ya ganda la kokwa, kisha akamkwaruza mzima mkononi na kumpaka. Mtu huugua siku chache, akapona. Ndui haimgusi tena."

"Wote hupona?"

"Wengi, si wote. Ila heri nusu shari kuliko shari kamili."

Bibi Despina akaletwa na ganda lake. Tarumbeta ikapigwa, watu wakakusanyika langoni, wakaambiwa habari ya chanjo hiyo. Wakarudi nyuma hatua tatu.

"Mtu mwenye afya atiwe ugonjwa?" wakapiga kelele.

"Dawa ya moto ni moto," akasema Despina.

"Basi jiunguze wewe!"

Hakuna aliyenyoosha mkono, hata mmoja. Ludovika akaona wazi kwamba nchi nzima itakufa ikiwa imekunja mikono, na Amalia wake miongoni mwao.

"Nitaanza mimi," akasema.

Ottokar akaruka, unga ukamwagika mabegani. "Haiwezekani! Hakuna kiingiacho mwilini mwa Malkia kabla ya kupita kwa mwonjaji!"

Na mwonjaji alikuwa amekwisha kuja. Apolonia alisimama mlangoni, mkono wa gauni ameupandisha hadi begani. Mkono ule ulikuwa unatetemeka. Akaanza kuimba: mchanga shuka, mchanga shuka.

Malkia akautazama ule mkono, na aibu ikamshika. Alikuwa ameuliza habari za jela, akauliza habari za shule, akauliza hata habari za viazi. Lakini kila siku, mara tatu kwa siku, mwanamke huyu alisogelea kifo kwa niaba yake, naye alingoja tu supu ipoe. Swali moja hakuliuliza kamwe: nani amwonjee Apolonia?

"Bwana Ottokar, nani aliweka desturi hii?"

"Ndivyo ilivyo, Malkia."

"Hilo si jina la mtu."

Akamwendea Apolonia, akamteremshia mkono wa gauni kwa mkono wake mwenyewe, akamfunga kifungo. "Dada Apolonia, kaa. Leo nakuonjea mimi."

Akakaa kitini, Despina akamkwaruza. Ottokar akageuka ukutani asione.

Ndipo kazi ikageuka. Malkia akalala kitandani, na Apolonia akaketi kando na chupa ya mchanga. Mchanga ukiisha, anaigeuza. Ukiisha tena, anaigeuza. Langoni watu walisimama na mashuka mabegani wakingoja. Kila mmoja alijua kwamba Malkia akifa, Despina atapigwa mawe, Amalia atabaki yatima, na hakuna atakayechanjwa tena katika nchi ile.

Siku ya tatu, hakuna dalili. Siku ya saba, homa ikampanda, vipele vikamtoka mkononi. Siku ya tisa akaanza kuweweseka, akamuulizauliza mfalme aliyekwisha kufa kwa nini hamjibu. Apolonia akamshika mkono, akaimba hadi sauti ikamkauka:

Mchanga shuka, mchanga shuka,
shuka naye asimame.

Siku ya kumi na mbili, jua likipenya dirishani, Ludovika akafumbua macho. "Apolonia, kwa nini nina njaa hivi?"

 Apolonia alikimbia hadi roshani, gauni mkononi, akapiga ukelele ambao Korongo anaapa aliusikia akiwa shamba la pili:

"Yu hai! Watu wachanjwe!"

Watu wakasimama wasijue wacheke au walie. Malkia akajikongoja hadi roshani, akawaonyesha mkono wenye makovu. "Aisifuye mvua imemnyea," akasema. "Mimi imeninyea. Njooni."

Wa kwanza alikuwa Apolonia, na mkono wake safari hii haukutetemeka. Wa pili alikuwa Amalia, ambaye alilia kidogo. Wa tatu alikuwa Bwana Ottokar, ambaye alilia sana.

Jioni ile Malkia akaagiza supu ya kabichi itoke motoni moja kwa moja. Apolonia, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuchukua kijiko. Malkia akamzuia, akamvutia kiti. "Pamoja."

Wakanywa kwa wakati mmoja. Wakaungua wote wawili. Wakatoa ndimi nje, malkia na mwonjaji wake, wakacheka hadi machozi.

"Haya, ina ladha gani?" akauliza Ludovika.

"Bado sijui, Malkia wangu. Ulimi umeungua!"

Akatawala miaka thelathini mingine, na mezani viti vilikuwa viwili. Asubuhi aliyofariki, akiwa mzee, Apolonia aliketi kando yake kama zamani, chupa ya mchanga mapajani.

"Usilie, dada," Malkia akasema. "Naenda kuonja kwanza. Pakiwa pazuri, nitampa Korongo habari akuletee."

Apolonia akaigeuza chupa kwa mara ya mwisho, akangoja hadi mchanga wote ukashuka. Kisha akainuka, akaenda kuzungumza na Korongo dirishani.

Hapo ndipo hadithi yangu inapokunja miguu. Tumejifunza nini? Kwamba mkubwa si yule anayeonjewa, mkubwa ni yule anayeonja. Ukitaka watu wanyooshe mkono, tangulia kunyoosha wako.

Na Korongo je, alipewa ile habari na Malkia? Nilimuuliza mwaka jana, nikamuuliza mwaka huu. Ananitazama tu, ka! ka! ka! Kisha anaendelea kula panzi. Mwakani muulizeni ninyi. Mimi nimechoka kudharauliwa na ndege.

Imeshaota moto?

Imeshaota!

Basi ifungulieni mlango, iende kwa jirani.